Ilianzia Wapi Hii ya Mama na Mtoto Kubandika Majani Makavu?

Kila ikifika mwezi wa kumi video ni zilezile. Mama wa Ulaya au Marekani kakaa mezani na mtoto wa miaka mitatu. Mbele yao kuna majani mekundu na ya njano yaliyookotwa nje, gundi, mkasi wa plastiki na karatasi. Dakika moja baadaye majani yamegeuka bundi, mbegu zimegeuka mtu mwenye miguu ya vijiti, na mtoto kajipaka gundi mpaka kwenye nyusi. Halafu chini, bila kukosa, kuna mdau wa Bongo kaandika: "Hawa wenzetu wana muda sana."

Sasa utamu wa stori uko hapo hapo. Ukifuatilia hii kitu ilikotoka, unakuta haikuanzia kwa watu wenye muda, na hela ndiyo kabisa hawakuwa nayo. Na kuna kipindi serikali nzima iliiogopa, na kipindi kingine serikali nyingine ikaipeleka vitani bila watoto wenyewe kujua.

Kwanza neno lenyewe. Kwa mtu wa Dar, Tanga au Mombasa, vuli ni zile mvua fupi za Oktoba mpaka Disemba, matope na daladala kujaa. Kwa Ulaya neno hilohilo tunalitumia kwa majira ambayo miti inapukutisha majani kabla ya baridi kali. Miezi inakaribiana, mambo mbalimbali kabisa. Huko giza linawahi mno. Berlin katikati ya Novemba, kwenye saa kumi na robo jioni jua limeshazama. Mavuno yameisha, nje kuna baridi na manyunyu, mtoto hawezi kucheza nje na mama bado ana kazi zake. Piga picha nyumba ya mkulima wa zamani, chumba kimoja, moto mmoja, watoto watano wanalia wamechoka kukaa ndani. Kitu cha kuwatuliza kilikuwa kile kilichodondoka chenyewe chini au kilichobaki shambani.

TANIPU KABLA YA BOGA

Ireland na Scotland kilichobaki shambani kilikuwa tanipu, kiazi cha duara kigumu, kama figili iliyovimba. Chakula cha watu na cha ng'ombe. Usiku wa tarehe 31 Oktoba watoto walikuwa wanakwangua tanipu ndani mpaka inakuwa tupu, wanachonga macho na meno, wanaweka kipande cha mshumaa, kisha wanatoka kutisha majirani. Halloween ya maboga unayoiona kwenye sinema, hiyo tanipu ndiyo bibi yake. Waairishi na Waskoti walipohamia Marekani wakakuta boga, kubwa, laini, na katikati tayari kuna nafasi. Nani angerudi kwenye tanipu? Kuikwangua ni kuvunja mkono. Chukua muhogo mbichi na kijiko ujaribu, utaelewa.

Kwenye makumbusho ya maisha ya vijijini ya Ireland, karibu na mji wa Castlebar, wanayo sura ya taa moja kama hiyo kutoka Donegal. Inatisha kuliko boga lolote la dukani, inafanana na kichwa cha mzee aliyekauka. Wanachokionyesha ni nakala ya plasta, maana tanipu yenyewe ilikuwa inakwisha. Mwalimu wa shule ndiye aliyeikabidhi makumbusho mwaka 1943. Aliyeichonga, hakuna jina. Kuna mtu alikaa na kisu jioni moja, pengine na mtoto pembeni anashika mshumaa, akatoa kitu ambacho leo watu wanalipia nauli kwenda kukiangalia, na hajulikani alikuwa nani.

Uswisi bado hawajaiacha. Mji wa Richterswil, jirani na Zürich, kila Novemba unapambwa mtaa mzima kwa taa za tanipu zilizochongwa kwa mkono.

MWANASESERE ASIYE NA USO

Ng'ambo ya bahari, Haudenosaunee, yale mataifa ya wenyeji wa kaskazini mashariki mwa Amerika ambayo wazungu waliyaita Iroquois, walikuwa na lao. Baada ya kuvuna mahindi, maganda hayatupwi. Yanalowekwa yalainike, yanakunjwa, yanafungwa kwa uzi, unapata kichwa, mikono na gauni. Uso hawauweki. Hadithi yao inasema mwanasesere wa kwanza alipewa kazi ya kucheza na watoto, lakini alikuwa mzuri mno, akawa anashinda kwenye maji anajitazama mwenyewe, watoto kawasahau. Akanyang'anywa uso. (Kuna watu wa selfie hapa wameshajishtukia.)

Na hapa dada aliyekulia Njombe, Songea au Kitale anacheka peke yake, maana anajua kinachofuata. Gunzi. Gunzi la mahindi limefungwa kipande cha kanga iliyochakaa, linabebwa mgongoni. Au hindi changa lenye nywele zake, zinasukwa mistari mpaka zinakatika, unaenda shambani kuiba jingine unachapwa. Hakuna aliyeiga kwa mwenzake. Ni mahindi yaleyale, ambayo asili yake ni hukohuko Amerika, na mtoto yuleyule anayetaka kitu cha kubembeleza wakati mama yupo kazini. Kwa hiyo yule mdau wa "wana muda" huenda mama yake mzazi alikuwa fundi wa hii kitu kabla hajazaliwa.

JANI KWENYE NOTI

Kubandika na kuchapa majani nako ni kwa zamani. Leonardo da Vinci, huyo wa Mona Lisa, kwenye karatasi zake kuna chapa ya jani na maelezo ya namna ya kulipaka na kuligandamiza. Miaka ya 1730 kule Philadelphia, Joseph Breintnall, rafiki wa Benjamin Franklin, naye alikuwa anapaka majani wino na kuyakandamiza kwenye karatasi. Ukiangalia ni kazi ya chekechea kabisa, mtoto wa miaka minne anaiweza.

Franklin akaona hela. Yeye alikuwa mchapaji, anachapa noti za makoloni, na wajanja wa noti feki walikuwa wanamsumbua. Fundi mzuri wa kuchonga anaweza kuiga maua, herufi, hata saini. Lakini mishipa ya jani? Hakuna majani mawili yenye mishipa sawasawa, na ule unene wa kupanda na kushuka wa mishipa mkono hauwezi kuufuata. Franklin akapata njia ya kuhamisha jani halisi kwenye bamba la chuma la kuchapia, akaibana siri. Noti za Pennsylvania, New Jersey na Delaware zikawa zinatoka na jani mgongoni, nyingine zina onyo kwamba adhabu ya kughushi ni kifo. Ilibidi ifike miaka ya 1960 ndipo mtafiti wa fedha za zamani akafumbua alivyokuwa anafanya.

Mtoto wa leo anafanya kazi ileile kwa njia rahisi. Jani chini ya karatasi, krayoni juu, sugua, mishipa inatokea yenyewe kama uchawi. Hiyo krayoni nayo ina mtu wake. Mwaka 1903 kampuni ya Binney & Smith ya Marekani ilitoa boksi la rangi 8 kwa senti 5. Jina Crayola lilitoka kwa Alice Binney, mke wa mmoja wa wenye kampuni, ambaye alikuwa mwalimu. Boksi la senti 5 hata mtoto wa kibarua angeweza kulipata siku moja moja.

MTU ALIYEPIGWA MARUFUKU KWA KUKUNJA KARATASI

Mpaka hapa ni mambo ya majumbani, hakuna anayeyaita elimu. Aliyebadilisha hilo ni Mjerumani Friedrich Fröbel, aliyezaliwa mwaka 1782 kwenye milima ya Thuringia. Mama yake alifariki yeye hajatimiza hata mwaka mmoja. Akakua na baba mchungaji wa kanisa aliyekuwa bize na mama wa kambo asiyemtaka. Alipofika miaka 15 akapelekwa kujifunza kazi kwa bwana misitu, kwa hiyo majani, mbegu na maganda ya miti aliyajua vizuri kabla hajajua watoto.

Mwaka 1837 akafungua sehemu ya watoto wadogo pale Bad Blankenburg, na mwaka 1840 akaipa jina ambalo dunia nzima imelibeba, kindergarten, yaani bustani ya watoto. Huku kwetu ndiyo chekechea. Watoto hawakuwekwa kwenye madawati kukariri. Walikunja karatasi, wakakata, wakasuka vipande vya karatasi kama mkeka, wakatoboa picha kwa sindano, wakaunganisha vijiti kwa njegere zilizolowekwa wakapata nyumba na ngazi. Ukimwona mtoto wa leo anachomeka vijiti vya meno kwenye mbegu kutengeneza mtu, ujue hizo njegere ni ndugu zake wa damu.

Mwaka 1844 akatoa kitabu cha nyimbo na michezo ya vidole kwa ajili ya mama na mtoto wa mapajani. Hapo ndipo inabidi kuwa mkweli. Mtu ambaye hakulelewa na mama yake mzazi alitumia maisha yake kuandika kile ambacho akina mama wa vijijini walikuwa tayari wanakifanya jikoni. Yeye alikipa mpangilio na jina, na sifa zikaenda kwake. Wale akina mama hawakuandikwa popote.

Halafu ikaja noma. Agosti 1851 serikali ya Prussia ikapiga marufuku chekechea zote. Walikuwa wametoka kwenye mapinduzi ya 1848 wakiwa na hofu na kila kitu, na waziri wa elimu akadai huu mpango wa watoto ni sehemu ya ujamaa na ya kumkana Mungu. Kilichochekesha, kama si kuliza, ni kwamba walimchanganya na mtoto wa kaka yake, Karl Fröbel, ambaye ndiye aliyekuwa na maandiko ya siasa. Mzee akajitetea, hawakumsikiliza. Juni 1852 akafariki, bustani zake zikiwa zimefungwa. Marufuku ikaondolewa mwaka 1860, miaka 8 baada ya mazishi.

Jiulize watoto wa miaka minne wanaokunja karatasi walikuwa wanaitishia nini serikali yenye jeshi kama la Prussia. Pengine walichoogopa ni wale wanawake. Maana chekechea ilimpa mwanamke kazi ya kulipwa, mafunzo na sauti, wakati ambao milango mingi alikuwa amefungiwa.

Na ni wanawake walioiokoa. Bertha von Marenholtz-Bülow alizunguka nchi za Ulaya akiitangaza. Margarethe Schurz, ambaye akiwa binti alimsikia Fröbel akifundisha Hamburg, alihamia Marekani na mumewe, na mwaka 1856 huko Watertown, Wisconsin, akaanza kufundisha nyumbani, binti yake mwenyewe na watoto wa ndugu zake. Hiyo ndiyo inahesabiwa chekechea ya kwanza ya Marekani. Sebule moja, watoto wasiozidi kiganja, lugha ya Kijerumani. Baadaye akakutana na Elizabeth Peabody, ambaye mwaka 1860 akafungua ya Kiingereza mjini Boston.

Baada ya hapo wafanyabiashara wakanusa. Milton Bradley, yule wa michezo ya mezani, akaanza kuuza vifaa vya Fröbel kwenye maboksi. Mwaka 1876 kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia mwalimu mmoja, Anna Wright, aliviona akamnunulia mwanawe wa miaka 9. Mtoto alikuwa Frank Lloyd Wright, aliyekuja kuwa msanifu majengo maarufu kuliko wote Marekani, na mpaka uzeeni alisema vile vipande vya mbao ndivyo vilivyomfungua. Mtoto ana jengo mpaka New York, mama ana mstari mmoja kwenye stori ya mtoto.

KONKA ZILIPOKWENDA VITANI

Kuna mbegu moja ambayo kwenye video za vuli haikosekani. Ni ya duara, ya kahawia, inang'aa kama kiatu kilichopigwa dawa. Inatoka kwenye ganda la kijani lenye miba. Watoto wa Uingereza wanaiita konka. Asili ya mti wake ni nchi za Balkan, na mwaka 1576 mtaalamu wa mimea Clusius alipelekewa mche wake Vienna kutoka Istanbul, ukasambaa mpaka kwenye kila bustani ya mfalme. Konka hailiwi, ina sumu, kwa hiyo mtoto mdogo usimwache nayo peke yake. Kazi yake ni mchezo. Wajerumani wanaichomeka vijiti inakuwa mtu, farasi au buibui. Waingereza wanaitoboa, wanaitia kamba, watoto wawili wanagonganisha mpaka moja ipasuke.

Vuli ya 1917 mabango yakabandikwa kwenye shule za Uingereza. Watoto waokote konka kwa ajili ya taifa. Malipo, shilingi 7 na peni 6 kwa kila kilo 50 hivi. Za kazi gani? Hawakuambiwa. Walielezwa tu kwamba zitaokoa nafaka na kwamba ni msaada mkubwa kwenye vita. Watoto wakaingia kwenye bustani na makaburini na magunia, na ndoo, na vigari vya kubebea watoto. Hata watu wazima walibaki wanaulizana magazetini konka zinakwenda wapi.

Zilikuwa zinakwenda kutengenezwa asetoni. Bila asetoni hupati kordaiti, baruti ya kurushia risasi na mizinga. Mwanzoni asetoni ilitoka kwenye kuni, nyingi ikinunuliwa Marekani, na vita ilipopamba moto ikawa haitoshi. Mkemia wa Chuo Kikuu cha Manchester, Chaim Weizmann, huyohuyo aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Israel, akapata njia ya kuitoa kwenye mahindi na nafaka kwa kutumia bakteria. Lakini nyambizi za Ujerumani zilikuwa zinazamisha meli za chakula. Nafaka ikawa ya kula tu. Ndipo mtu akakumbuka zile mbegu ambazo watoto wanachezea.

Tani 3,000 zilifika kiwandani King's Lynn. Nyingine nyingi zaidi ziliozea kwenye stesheni za treni kwa kukosa mabehewa. Aprili 1918 kiwanda kikaanza kuzisaga, na Julai kikaacha, maana konka zilikuwa hazitoi asetoni ya maana. Vidole vya mtoto wa miaka sita vilivyochunwa na miba ya maganda, yeye anajua anamsaidia baba aliyeko Ufaransa, kumbe nusu ya gunia lake imeota ukungu kwenye jukwaa la treni na nyingine ilikuwa inaandaliwa kuua baba wa mtoto mwingine. Wa upande wa pili, ambaye vuli hiyohiyo na yeye alikuwa anaokota mbegu zilezile.

Vita ikaisha tarehe 11 Novemba 1918. Kwa kalenda ya Ujerumani tarehe hiyo ni siku ya Mtakatifu Martin, siku ambayo watoto wanatembea mtaani jioni na taa za kutengeneza kwa mkono, zamani za viazisukari vilivyochongwa, siku hizi za karatasi. Inafanyika mpaka leo. Mama wa Kitanzania mwenye mtoto wa chekechea Hamburg au Köln anajua, mwishoni mwa Oktoba mtoto anarudi na habari kwamba taa inatakiwa. Basi usiku, shifti imeisha, ugali unachemka, yupo mezani na gundi na majani makavu yaliyookotwa njiani kutoka kituo cha basi, anayabandika kwenye karatasi nyembamba ili taa ikiwashwa mishipa yake ionekane. Dogo kashalala. Kesho atasema aliitengeneza yeye.

Haya, wewe utotoni ulimsuka nani, gunzi au hindi la jirani? Dondosha hapo chini, na kama ulichapwa, taja shamba lilikuwa la nani.